Kuwapiga Picha Ndege Wadogo Wapandao Mashina Katika Mwanga Hafifu wa Miombo ya Tabora: Mwongozo Kamili

Miongoni mwa ndege wa misitu ya miombo wamo wachache ambao riziki yao yote iko juu ya magome. Yuko kigogota, ambaye hugonga na kutoboa. Yuko goregore, pamoja na jamaa yake mdogo mwenye mdomo uliopinda kama mundu, ambao huchokonoa nyufa. Na yuko yule mdogo mwenye madoadoa meupe juu ya manyoya ya kahawia iliyokolea, mwenye urefu wa sentimita 15 hivi, ambaye wataalamu humwita Salpornis salvadori. Huyu wa mwisho, ambaye humu nitamwita mtambaazi, hufanana na gome kiasi kwamba humpotea mtu machoni hata pale anapomtazama moja kwa moja.

Ugumu wa kuwapiga picha ndege hawa una sehemu tatu: ni wadogo, hawatulii, na hupendelea kufanya kazi chini ya kivuli cha majani, tena zaidi asubuhi mapema na jioni. Ushauri wa kawaida ni kununua lenzi kubwa zaidi. Sikatai kwamba lenzi nzuri husaidia, lakini katika miombo faida kubwa zaidi hutokana na jambo lisilo na gharama, nalo ni kwamba njia ya ndege apandaye shina yaweza kujulikana kabla hajaipita. Anayeulenga mti, akapima mwanga juu ya gome lake na kuweka fokasi (mahali picha inapokuwa kali) kwenye ukingo wake kabla ndege hajatua, amekwisha kumaliza sehemu ngumu ya kazi. Anayemwona ndege kwanza ndipo aanze kuhangaika na vitufe, kwa kawaida huambulia picha ya shina tupu.

Jifunze mwendo wa ndege kabla ya kuinua kamera

Mtambaazi huanzia sehemu ya chini ya shina, hupanda kwa miruko mifupi huku akichungulia nyufa, mara nyingi akilizunguka shina, na akifika kwenye matawi ya juu huruka kushuka hadi sehemu ya chini ya mti mwingine, ambao mara nyingi huwa wa jirani, kisha huanza upya. Mpangilio huu ndio hazina yako. Kila anapohamia mti mpya kuna muda mfupi ambapo yuko karibu na usawa wa macho yako, na hapo ndipo pembe ya picha huwa nzuri. Akishapanda mita tano au sita utakuwa unampiga kutoka chini, tumbo likiwa gizani na mbingu nyeupe ikiwa nyuma yake, na picha ya namna hiyo haifai kutunzwa ila kwa kumbukumbu.

Kati ya mruko na mruko kuna kituo. Kituo hicho ni kifupi, lakini wakati huo mwili wake hautembei hata kidogo, na humo ndimo picha yako ilimo. Mtazame bila kamera mpaka uweze kukisia kituo kijacho. Mdundo wake si wa kubahatisha kama unavyoonekana mara ya kwanza.

Kigogota ana tabia tofauti. Manyoya ya mkia wake ni magumu, na huyategemeza kwenye shina anapofanya kazi, wakati mtambaazi hana mkia wa namna hiyo na hushikilia kwa kucha pekee. Kwa sababu hiyo kigogota hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi, jambo ambalo ni neema kwa anayehitaji shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) ya polepole, isipokuwa kichwa chake hupiga kwa kasi ambayo mwanga hafifu hauwezi kuisimamisha. Msubiri aache kugonga ili asikilize au atazame pembeni. Kigogota mdogo aitwaye Dendropicos fuscescens hufanya kazi sana kwenye matawi membamba, kwa hiyo usimtarajie daima kwenye shina kuu. Goregore huenda kwa kundi lenye makelele, hivyo kumpata ni rahisi. Taabu yake ni manyoya meusi yenye mng'ao wa kijani na zambarau, ambayo kivulini hugeuka kuwa doa jeusi lisilo na umbo.

Wakati wa kiangazi ndege wengi wadogo wa miombo hutembea kwa makundi mchanganyiko, na mtambaazi mara nyingi huwa mmoja wao. Mlamba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, hufuatana nao pia, na sauti yake husikika kabla ya wengine. Ukisikia ukimya wa msitu umevunjwa na sauti nyingi nyembamba pamoja na ukali wa mlamba, simama hapo hapo. Kundi hupita haraka, na mtu anayelifuata kwa mbio hulisukuma mbele yake bila kulifikia.

Saa na majira

Tabora iko magharibi mwa nchi, lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Kwa hiyo jua huchomoza hapa kama dakika 25 baada ya kuchomoza huko pwani. Kwa makadirio, mawio ya Tabora huwa kati ya saa 12:25 na saa 1:00 asubuhi, kutegemea mwezi. Aidha, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mapambazuko ni mafupi: mwanga hubadilika kutoka giza hadi mwanga wa kutosha ndani ya nusu saa tu. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba vipimo ulivyoweka jua likichomoza havitafaa baada ya dakika kumi, na ni lazima uvirekebishe mara kwa mara bila kusubiri kamera ikuonye.

Majira nayo yana tofauti kubwa. Miezi ya mvua, kuanzia takriban Novemba hadi Aprili, majani hufunga juu na mawingu ni mengi, hivyo mwanga ni mdogo lakini ni laini na wa usawa. Madoa meupe ya ndege hayaungui na kivuli hakina ukali. Kadiri kiangazi kinavyoendelea miti mingi hupukutisha majani, mwanga wa moja kwa moja hupenya hadi chini, na tatizo hugeuka kuwa mabaka ya jua kali na kivuli kizito juu ya shina moja. Moshi wa moto wa nyika hupunguza uwazi wa hewa, hasa kwa lenzi ndefu. Kipindi ninachokipendelea ni kile cha kabla ya mvua, miti inapochipua majani mekundu na ya rangi ya shaba, kwa sababu mandhari ya nyuma hupata rangi ambayo haipatikani wakati mwingine wowote. Kwa bahati mbaya ndicho kipindi ambacho ndege wengi wa miombo hujenga viota, na jambo hilo lina masharti yake, ambayo nitayaeleza.

Kwa msomaji wa Kigoma hali ni nyingine. Katika mabonde ya Gombe, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, ukuta wa Bonde la Ufa uko upande wa mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi hucheleweshwa na milima na mabonde hubaki kivulini muda mrefu, ilhali mwanga wa alasiri huingia kutoka upande wa ziwa. Huko, alasiri yaweza kuwa bora kuliko asubuhi.

Ruhusa, mavazi na nyuki

Misitu mingi ya mkoa wa Tabora ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mingine ni ya vijiji. Kwa ya kwanza uliza kibali katika ofisi ya wakala. Kwa ya pili anza na mtendaji wa kijiji. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, ina utaratibu wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na viingilio vyake. Mtu mwenye lenzi ndefu anayezurura msituni alfajiri bila kujitambulisha huleta wasiwasi, na wasiwasi huo una haki yake.

Miongozo ya nje ya nchi humshauri mpiga picha avae nguo za mabaka. Usifuate ushauri huo hapa, kwa kuwa raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi ni jambo linaloweza kukuingiza matatani. Kaki, kahawia au kijani kilichofifia hutosha kabisa. Epuka pia bluu na nyeusi katika maeneo yenye mbung'o, maana rangi hizo huwavutia.

Tabora ni nchi ya asali, na mizinga imetundikwa hata mahali usipoitazamia. Kabla ya kuegemea mti wowote inua macho. Usijipake manukato. Lakini wafuga nyuki ndio watu wa kwanza unaopaswa kuzungumza nao, kwa kuwa wanaufahamu msitu kwa miti yake mmoja mmoja, na watakuonyesha miti iliyobanduliwa magome kwa ajili ya mizinga ya asili. Mti uliobanduliwa hivyo hukauka, wadudu huingia, na kigogota huufuata. Shina kavu linalosimama peke yake, likiwa na matundu mapya na unga wa mbao chini yake, lina thamani kuliko ekari nyingi za msitu mzuri.

Kuiweka kamera

Mwanga wa picha hutokana na mambo matatu: upana wa tundu la lenzi (huandikwa kwa f/, na namba ndogo ni tundu pana), kasi ya shata, na kiwango cha ISO, yaani wepesi wa sensa, kile kibamba cha kamera kinachopokea picha, kuhisi mwanga. Kila stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile ya f/5.6, yaani stopu mbili, na faida hiyo ni sawa na kushusha shata kutoka 1/500 ya sekunde hadi 1/125, au kupandisha ISO kutoka 1600 hadi 6400. Kwa kuwa wengi wetu hatuna lenzi ya f/2.8 yenye urefu wa kutosha, stopu hizo mbili inabidi zitoke kwenye shata na ISO.

Anza na tundu. Fungua lenzi yako hadi mwisho, iwe f/5.6 au f/6.3, na usione haya kuhusu kina kifupi cha ukali, yaani ufinyu wa eneo la mbele na nyuma linaloonekana kali. Kwa lenzi ya milimita 400 kwenye f/5.6, ndege akiwa umbali wa mita nane, kina hicho ni takriban sentimita 13 kwenye kamera ya sensa kamili (yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35). Ndege wa sentimita 15 anayeonekana kwa ubavu, mwili wake ukiwa sambamba na uso wa sensa, huingia humo pamoja na gome lake. Akikugeuzia mgongo au kuinama kuelekea kwako, jicho ndilo liwe kali na mkia ufifie.

Kiongeza masafa, kile kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, kiache nyumbani. Cha mara 1.4 hula stopu nzima, cha mara 2 hula mbili, na fokasi ya kamera, ambayo tayari inasuasua gizani, hudhoofika zaidi. Ni afadhali kumkaribia ndege mita mbili zaidi.

Shata ndiyo mahali pa kufanya maamuzi. Kanuni ya zamani husema kasi isipungue moja gawanya kwa urefu wa lenzi, yaani 1/400 kwa lenzi ya milimita 400. Kidhibiti mtikisiko hukuruhusu kushuka chini ya hapo, ila kidhibiti hicho hutuliza mikono yako tu, hakimtulizi ndege. Kwa mtambaazi aliye kwenye kituo, 1/250 hutosha mara nyingi, na 1/125 yawezekana kama kamera imeegemezwa. Kwa kigogota aliyetulia ni vivyo hivyo. Piga mfululizo mfupi wa picha tatu hadi tano kila anaposimama, si mfululizo mrefu usiokoma, maana katika huo mrefu picha nyingi huangukia kwenye miruko, na kamera huanza kuchelewa kuhifadhi picha wakati ndege amesimama tena.

ISO iachie ipande. Chini ya majani jua likichomoza, f/5.6 na 1/250 huweza kuhitaji ISO 6400, na hilo lisikutishe. Chenga za picha, vile vidoa vinavyoletwa na ISO kubwa, huonekana vibaya kwenye maeneo laini yasiyo na umbo, lakini gome lenye mikwaruzo na nyufa huzimeza, na katika picha za ndege hawa sehemu kubwa ya fremu ni gome. Picha yenye chenga na jicho kali huokolewa. Picha safi yenye jicho lililotikisika hutupwa.

Kuhusu upimaji wa mwanga, mimi huweka kila kitu kwa mkono msitu unapokuwa na kivuli cha usawa. ISO ya kujiendesha ni nzuri kwa kanuni, ila katika miombo mbingu huchungulia kati ya mashina, na kila uwazi mpya wa mbingu ukiingia kwenye fremu kamera hupunguza mwanga na ndege huwa mweusi. Pima juu ya gome lenyewe. Kumbuka kwamba kamera hutaka kuligeuza kila gome kuwa la kijivu cha wastani: gome jeusi la mninga italing'arisha kupita kiasi, na madoa meupe ya mtambaazi yataungua yasirudi, hivyo punguza theluthi moja hadi theluthi mbili za stopu. Mbingu ikiwa nyuma ya ndege, ongeza stopu moja au zaidi. Kwa goregore mweusi ongeza kidogo, kisha tazama histogramu (grafu ya mgawanyo wa giza na mwanga katika picha), si sura ya picha kwenye kioo, kwa kuwa gizani kioo huonyesha picha kuwa ng'avu kuliko ilivyo.

Hifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata. Kivuli cha majani hutia ukijani kwenye manyoya, na majani mapya hutia wekundu. Rangi hizo husahihishwa baadaye bila hasara ikiwa faili ni ghafi.

Fokasi iwe ya nukta moja au eneo dogo. Eneo pana litashika ukingo wa gome lililo karibu zaidi na kumwacha ndege. Utambuzi wa jicho uliomo kwenye kamera za kisasa ni msaada mkubwa kwa ndege aliye wazi, lakini kwa ndege mwenye madoa juu ya gome lenye madoa waweza kushindwa, kwa hiyo uwe na kitufe cha kuurudisha kwenye nukta moja upesi. Tenganisha fokasi na kitufe cha shata kwa kuipeleka kwenye kitufe cha nyuma; kidole gumba kikiachia, fokasi hubaki pale ulipoiweka, na huo ndio msingi wa kazi inayofuata.

Stendi ya mguu mmoja inafaa kuliko ya miguu mitatu, kwa sababu ndege hulizunguka shina na wewe huna budi kusogea. Mwenye simu pekee anaweza kuiegemeza kwenye darubini na kupata picha ya kumtambulisha ndege, mradi asitarajie zaidi ya hapo katika mwanga huu.

Kazi yenyewe msituni

Fika kabla ya mawio na ukae mahali pamoja. Chagua eneo lenye mashina kadhaa yaliyo umbali wa mita sita hadi kumi kutoka ulipo, mwanga ukitoka nyuma yako au ubavuni. Yapime yote kabla ndege hajaja: pima gome moja baada ya jingine, ujue lipi ni la kung'aa na lipi ni la giza, na ukumbuke tofauti ya stopu iliyopo kati yake. Piga picha ya majaribio ya kila shina, uikuze kwenye kioo, uone kama nyufa za gome ni kali. Kama si kali wakati hakuna ndege, hazitakuwa kali atakapokuwepo.

Ndege akitokea, usimwelekee. Tazama yuko kwenye mti gani na amepanda hadi wapi, kisha jiulize ataruka kwenda wapi. Akikaribia matawi ya juu, acha kumpiga, shusha lenzi, na uielekeze kwenye sehemu ya chini ya mti ulio mbele ya mwendo wake. Weka fokasi kwenye ukingo wa shina, si katikati, kwa sababu ukingoni ndipo atakapoonekana kwa ubavu, na ndipo umbali wake utalingana na ulioupima. Utakosea mti mara nyingi. Hata hivyo, kundi likiwa linaelekea upande mmoja, uwezekano wa kupatia huongezeka kwa kila mti.

Anapotua, mwache apande mruko mmoja au miwili kabla ya kupiga, ili aanze kulizoea eneo. Pumua nje taratibu, bonyeza kwenye kituo. Akipotelea nyuma ya shina, usizunguke naye. Atatokea juu kidogo upande wa pili, na fokasi yako bado iko pale pale. Jicho lake likinasa hata nukta ndogo ya mwanga, picha huwa na uhai. Likiwa limefunikwa na kivuli cha paji, subiri ageuze kichwa.

Shata ya kielektroniki isiyo na sauti inafaa kwa ndege aliyetulia. Kwa kigogota anayegonga, kamera nyingi hupindisha umbo la kichwa kwa kuwa husoma sensa mstari kwa mstari. Hapo rudi kwenye shata ya kawaida.

Kuhusu flashi, msimamo wangu ni kuiacha. Huakisi vibaya kwenye manyoya yenye mng'ao, hulifanya gome lionekane bapa, na huondoa hasa ule mwanga wa alfajiri uliokutoa kitandani. Kuwapigia ndege sauti zilizorekodiwa nako niliacha kumshauri mtu yeyote, na katika miezi ya viota nakataza kabisa, maana ndege huacha chakula na kiota kuja kumfukuza mpinzani asiyekuwepo. Kiota cha mtambaazi ni kikombe kidogo kwenye panda ya tawi, kimefungwa kwa utando wa buibui na kupambwa kwa kuvu-mwani wa magome, hivyo waweza kukikaribia bila kujua. Ukiona ndege anarudi mahali pale pale akiwa na mdudu mdomoni na kusita kutua, umekaribia mno. Ondoka kwa njia uliyojia.

Nyumbani, mbele ya kompyuta

Futa kwanza, hariri baadaye. Tazama jicho kwa ukubwa kamili, na kila picha ambayo jicho lake si kali iondoke, hata kama mkao ni mzuri. Kwa zilizobaki, sahihisha rangi ukitumia doa jeupe la manyoya kama kipimo, kisha ondoa chenga kwa uangalifu: ondoa kwa nguvu kwenye mandhari laini ya nyuma, na kidogo tu kwenye ndege na gome. Programu ikilainisha vyote kwa pamoja, gome hupoteza mikwaruzo yake na ndege huonekana amebandikwa. Ukali uongezwe mwishoni, tena kwenye jicho na mdomo zaidi kuliko mahali pengine.

Unapokata fremu, acha nafasi kubwa zaidi juu ya kichwa chake kuliko chini ya mkia, kwa kuwa anaelekea juu, na uache gome la kutosha kuonyesha ni mti gani. Mtazamaji wa Tabora atautambua mninga au mtundu kwa gome lake. Katika maelezo ya picha andika mwezi, saa, aina ya mti na wilaya. Ikiwa picha ni ya karibu na kiota, ishia kwenye wilaya, na ufute alama za mahali ambazo kamera au simu huziandika ndani ya faili kabla ya kulituma.